Betri Niliyomkalisha Kaka Yangu

Kazi ya betri sikufundishwa na mtu mie. Shule nilikaa miaka miwili, nikatoka najua kuandika jina langu na kujumlisha. Kilichobaki nilikiokota kwa macho. Nilikuwa mfagiaji wa gereji ya Mgoa mmoja karibu na Gerezani, na kila alipofungua betri nilikuwa nafagia polepole. Nilifagia sehemu ile ile mpaka sakafu ikawa inang'aa kuliko sahani zake. Siku moja akaniambia, "Wewe bwana, weka ufagio chini, shika koleo." Ndiyo ikawa shule yangu.

Baadaye nikawa na kibanda changu mwenyewe Temeke, mbele ya nyumba yangu mwenyewe, na mashine ya kuchajia inayokwenda kwa petroli. Hiyo ni zamani za Mwingereza, vita vya pili vimeisha miaka kadhaa. Madereva wa malori ya Mbagala na Pugu walikuwa wakipita mafundi wanne njiani ili waje kwangu. Nasema kwa kujisifu, na sioni aibu, maana sikupewa na mtu.

Siku hizi vijana wananijia na viti vya umeme vya wazee wao, wananiuliza waweke betri ya aina gani. Nawajibu kwa ufupi, kisha nawaambia waondoke. Wanakwenda wakisema mzee ana ghubu. Sababu sijawahi kumwambia mtu. Naiandika hapa.

Kwanza mjue alama ya fundi betri wa wakati ule. Alama yake ilikuwa nguo. Tindikali ikikurukia kwenye shati huioni. Shati linakauka, unalivaa, unakwenda nalo msikitini, watu wanakusifu kwa usafi. Siku linapofuliwa ndipo kitambaa kinaachia, na linaanikwa kambani lina matundu kama limeliwa na mende. Mke wangu alikuwa akisema yeye hakuolewa na fundi, aliolewa na wavu wa kuvulia dagaa. Mie nilikuwa naona fahari. Mtu akipita njiani na shati la matundu kifuani, nilijua huyu mwenzangu, anajua kazi.

Na juu ya rafu kibandani nilikuwa na kopo la magadi, yale yale ya kupikia maharage. Tindikali ikikugusa ngozi unawahi kumwagia maji ya magadi, inafoka povu kidogo, inatulia. Mikono yangu ilikuwa imeunguzwa mara nyingi, nikazoea. Pua nayo ilikufa mapema. Mvuke wa betri ukiuvuta kila siku, baada ya miaka michache husikii harufu ya samaki wala ya waridi.

Sasa kaka yangu.

Alinizidi miaka minane. Baba alipofariki yeye ndiye aliyeninunulia nguo za Idi, na yeye ndiye aliyenichapa nilipostahili. Vita vilipokuja akachukuliwa, akapelekwa Burma. Huko lori walilopanda liliporomoka mlimani, likamwangukia. Alirudi na miguu miwili iliyokamilika kwa sura, lakini imekufa kuanzia kwenye mapaja. Ukimchoma mwiba hageuki. Ukimwekea kaa la moto hageuki. Mkewe alivumilia mwaka mmoja akaomba talaka, akapewa bila maneno.

Lakini jeshini alikuwa amejifunza kuandika, tena mwandiko mzuri wa kulala upande mmoja. Akajitafutia meza ndogo pembeni ya soko la Kariakoo, akawa anawaandikia watu barua. Wamakonde waliotaka kuwasalimu mama zao, wanawake waliodai matunzo, watu wenye kesi. Walikuwa wanamngoja foleni. Pale mezani hakuna aliyeona miguu. Pale alikuwa bwana mwandishi.

Shida ilikuwa njia. Kutoka kwetu Temeke mpaka Kariakoo ni maili tatu na zaidi, mchanga mwanzoni, kisha mteremko wa Chang'ombe, kisha pale njia inapokata reli. Alikuwa anapelekwa kwa mkokoteni na hamali mmoja mwenye mdomo kuliko nguvu.

"Leo mzito, afande," hamali alikuwa akimwambia. "Jana ulikula nini, mawe?"

"Sukuma wewe."

"Nasukuma. Lakini nazi ni bora. Nazi hazinipi amri njiani."

Siku moja wakati wa kurudi, hamali akapata mzigo wa nazi kweli. Akamshusha kaka kando ya reli, juu ya gunia, akamwambia anarudi sasa hivi. Ilikuwa ndiyo kwanza watu wanatoka sala ya adhuhuri. Mpaka alasiri kaka alikuwa bado yuko pale juani. Watu waliokuwa wanapita walimwona mtu asiyeweza kusimama, amekaa juu ya gunia, kofia ameivua kwa joto na kuiweka mbele yake. Wakamtilia senti.

Alifika nyumbani karibu na magharibi. Nikamwamkia, "Shikamoo kaka." Hakuitikia. Alifungua leso, akazimwaga zile senti mbele yangu kwenye mkeka.

"Nimechuma leo," akasema.

Nikaanza kuziokota moja moja.

"Mdogo wangu, sikuombi mengi. Nataka niwe nakwenda mwenyewe na kurudi mwenyewe. Kwenda na kurudi. Ukinipa hilo, sitakuomba jingine mpaka nife."

Hakuwahi kuniomba kitu kabla ya siku ile. Mie ndiye niliyekuwa namwomba.

Miezi michache baadaye nikasikia kuna mnada Oyster Bay. Mzungu mmoja mzee amekufa, mjane anarudi kwao Ulaya, vyombo vyote vinauzwa. Nilikwenda kutafuta nyaya na vyuma. Katikati ya makabati nikakiona kiti. Kilikuwa na magurudumu matatu, makubwa mawili nyuma na dogo mbele, usukani wa mkono mmoja kama wa mtumbwi wa injini, na mota ndogo nyuma. Chini ya makalio palikuwa na sanduku la mbao, na ndani ya sanduku trei ya madini ya risasi, yasiyoliwa na tindikali, iliyokunjwa kingo vizuri, ina betri mbili zilizokwisha kufa. Juu ya betri kifuniko, juu ya kifuniko ubao wa kukalia wenye matundu, juu ya ubao mto wa ngozi.

Wazungu walikuwa wanapita wanakiangalia kiti kile kwa huruma, hakuna aliyetaka kukigusa. Mie nilikigusa. Dalali akanicheka, "Mzee, miguu yako si mizima?" Nikamwambia agonge nyundo yake.

Kaka alipokiona alikizunguka kwa macho tu. Kisha akauliza swali moja: "Kinarudi?"

"Kitarudi," nikasema.

Mota ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni betri, na hapo ndipo nilipokuwa najiona mfalme.

Wakati ule kwa mtu kama mie zilikuwapo aina tatu. Ya kwanza ile ya kuwashia taa majumba ya mashamba ya mkonge, ya vioo vikubwa, sahani zake za risasi za ndani ni nene. Ile inatoa umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu bila kuchoka, ndiyo tabia nzuri kwa kiti, lakini ni kioo, na njia yetu ingekivunja kabla ya kufika Chang'ombe. Ya pili ya lori. Ile sahani zake ni nyembamba na ni nyingi, imetengenezwa itoe teke moja kubwa la kuwasha injini kisha ipumzike. Ukiifanya itoe mpaka ikauke kila siku, inakufa mapema. Lakini ni kubwa, na mie nilikuwa nazifufua mwenyewe, ikifa naweka nyingine. Ina vizibo sita juu vyenye matundu ya kupumulia, na ikiyumba inatema. Ya tatu ni ya ndege. Baada ya vita zilikuwa zinauzwa mabaki ya jeshi. Betri ya ndege ni ndogo, na vizibo vyake vina ujanja ndani. Ndege inaweza kugeuka tumbo juu na tone lisitoke.

Nilianza na ya ndege. Niliipata moja kwa yule Mgoa. Ilikaa ndani ya trei vizuri, nafasi ikabaki. Kaka akaondoka asubuhi, mie nyuma kwa baiskeli. Watu walitoka majumbani. Mama mmoja akapiga kigelegele, mwingine akasema "Subhanallah, kiti kinatembea peke yake!" na kaka akamjibu, "Peke yake vipi mama, mie hunioni?" Alifika mezani kwake, akaandika barua mpaka saa tisa.

Kurudi, kiti kilivuka reli, kikapanda robo ya mwinuko wa Chang'ombe, kikasimama. Kaka akavuta ule mkono wa usukani. Kikanguruma kidogo kama mtu anayekoroma, kikanyamaza. Wakaja watu kusukuma bila kuombwa, na watoto nyuma wanaimba "Gari moshi halina moto, gari moshi halina moto." Na nani akatokea na mkokoteni wake mtupu? Yule hamali.

"Afande! Nikupakie na hilo dude lako, au niwapakie mmoja mmoja?"

Watu wakacheka. Mie nilikuwa nasukuma, nimeinamisha kichwa, jasho linaingia machoni. Tulipofika kaka akaniambia kwa sauti ya chini, "Umenipeleka. Hujanirudisha."

Kesho yake nikaenda kwa Mgoa. Alisikiliza, akafuta mikono.

"Weka mbili za ndege," akasema. "Ziunge pamoja, chanya kwa chanya. Zitakwenda na kurudi."

"Ipo nyingine?"

"Sina. Rafiki yangu kule uwanja wa ndege anasema mwezi ujao, labda miezi miwili. Subiri."

"Fundi, mie ninazo za lori tano pale kibandani, zimejaa, zinangoja."

"Usiweke ya lori."

"Kwa nini? Kwa sababu itakufa mapema? Nitabadilisha."

"Sikia wewe bwana. Injini haikalii betri. Mtu anakalia."

Maneno yale niliyasikia. Sitaki kudanganya kwamba sikuyasikia. Lakini nilikuwa nimekwisha kuwa na kibanda, na mashine, na madereva wananiita fundi mkubwa, na yule mzee alikuwa ananiambia "subiri" kama bado nimeshika ufagio. Nikarudi Temeke, nikachukua ya lori, kubwa kuliko zote.

Haikuingia. Trei ya risasi ilikuwa inabana kwa vidole viwili. Nikaing'oa trei. Kifuniko nacho nikakitoa, maana vizibo vilikuwa vinakigusa. Betri ikakaa juu ya vyuma vya kiti, na juu yake ule ubao wa kukalia wenye matundu, na mto. Ile trei nikaiangalia. Risasi safi, ya Ulaya, laini kama siagi. Niliikatakata, nikaiyeyusha, nikamimina vichwa vya nyaya kwa malori matatu. Nilifurahi siku ile. Niliona nimepata faida mara mbili.

Nilijiambia ya lori ni ya muda tu, mpaka zije za ndege.

Kiti kikaenda na kikarudi. Siku ya kwanza nilimngoja kaka juu ya mwinuko wa Chang'ombe, na nikamwona anapanda taratibu, mgongo umenyooka, kofia kichwani, mkono mmoja kwenye usukani kama nahodha. Alipita mbele yangu bila kusimama. "Usinishikeshike," akasema, na nikaona anacheka peke yake.

Baada ya hapo hakushikika. Ijumaa alikwenda mwenyewe msikitini. Alikwenda kuhani misiba, alikwenda harusi ya Keko, alikwenda kule na huko bila sababu, kusalimia tu. Yule hamali alikutana naye njiani akamwita, "Afande, nipe lifti!" Kaka akamjibu, "Panda, lakini ukae kimya kama nazi." Hadithi hiyo ilizunguka Temeke nzima.

Mie kila jioni nilikuwa naunga nyaya, nachaji betri humo humo kitini mpaka asubuhi, sitoi mto wala ubao. Betri ikichajiwa inachemka, inatoa mvuke wenye tindikali. Ule mvuke ulikuwa unapanda kwenye ubao, unaingia kwenye mto uliojaa sufi. Na kwa kuwa nilikuwa najivunia kwamba betri yangu haikauki kamwe, nilikuwa naijaza maji mpaka shingoni. Kila kiti kilipodundwa na reli, asubuhi na jioni, ilitema. Sufi inakunywa. Inakunywa na kutunza. Na juu yake kaka anakaa kutwa, uzito wote, na miguu isiyomwambia kitu.

Miezi miwili ikapita. Siku moja mke wangu alikuwa anaanua nguo. Yeye ndiye aliyekuwa anafua na za kaka.

"Baba watoto, njoo uone vikoi vya shemeji."

Nikaja. Alikuwa amekishika kimoja juani. Sehemu ya makalio na mapaja ilikuwa matundu matupu.

Nikacheka. Mungu anajua nilicheka. Nilikichukua kile kikoi nikaenda nacho barazani alipokuwa amekaa kaka.

"Kaka, karibu kazini. Sasa na wewe umekuwa fundi betri."

Alikiangalia kikoi. Akaniangalia mie. Akacheka na yeye, kicheko kifupi.

"Kwani ulifikiri kazi hii unaijua peke yako?" akasema.

Basi. Yakaishia pale. Mtu ambaye kazi yake yote ni tindikali, aliyeonyeshwa matundu kwenye nguo ya mtu asiye na hisia miguuni, alicheka akarudi kuchaji malori. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi, na kila mara najikuta nimesimama pale barazani na kikoi mkononi, nacheka.

Siku chache baadaye alimwomba mke wangu magadi. Mke wangu akampa ya jikoni. Yalipokwisha akaomba kwenye kopo langu la kibandani. Kaka alikuwa anavuta ugoro, na wavuta ugoro wanachanganya tumbaku na magadi, kwa hiyo hakuna aliyejiuliza. Mie nilimtania, "Kaka, ugoro gani huo unakula magadi kama sufuria ya maharage?"

"Utu uzima," akajibu.

Tangu alipoachwa na mkewe alikuwa anaoga peke yake, uani, ndani ya uzio wa makuti. Alikuwa anajiburuta kwa mikono mpaka ndani, anafunga pazia la gunia. Mie nilikuwa mdogo wake, nisingeweza kumwambia kaka yangu mkubwa avue nguo nimtazame mapaja. Kwetu jambo hilo halipo. Na yeye alilijua hilo vizuri.

Kisha akaanza kufukiza udi chumbani mwake, asubuhi na jioni. Jirani mmoja mwanamke akasema ukutani, "Huko kwenu kuna bwana harusi?" Mke wangu akaniuliza mie kama sisikii harufu nyingine chini ya ule udi. Nikamwambia mie nina pua ya mapambo tu. Akaniambia, "Basi muulize kakako." Sikumwuliza. Nilidhani ni mambo ya mtu asiyejiweza kwenda chooni, na mambo hayo mwanamume hamwulizi mwanamume.

Homa ilimwanzia siku ya Jumamosi. Alikwenda kazini nayo. Jumapili alikwenda. Jumatatu alirudi ameegemea usukani kwa kifua, na mwandiko wa barua ya mwisho aliyoandika, mwenye barua aliniletea baadaye kunionyesha, mistari yake ilikuwa inateremka kama watu wanaoshuka mlima. Nikamleta mganga msaidizi wa zahanati. Akampima joto kwa mkono, akauliza kuna kidonda popote? Kaka akasema hapana. Akapewa kwinini.

"Twende hospitali kaka."

"Homa tu hii. Burma nilipata kumi kama hii."

"Nitakubeba."

"Hunibebi. Hapo ndipo tulipotoka."

Jumatano jioni alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Aliniita.

"Betri umeichaji?"

"Imejaa kaka."

"Maji umetia?"

"Mpaka juu."

Akafumba macho, midomo ikacheza kama anayetaka kucheka. "Basi kesho," akasema.

Alhamisi alfajiri alikuwa amekwisha kufa.

Maiti ya mwanamume huoshwa na wanaume, na ndugu wa damu huingia. Tulikuwa watatu chumbani, mwoshaji, msaidizi wake na mie. Tukamlaza kitandani, tukamfunika shuka, mwoshaji akaanza kama inavyotakiwa, mkono wake ukipita chini ya shuka bila kufunua. Ulipofika mapajani ukasimama. Akaniangalia. Kisha akainua shuka upande wangu kidogo, nione.

Sitaandika yote. Nyuma ya mapaja yote mawili nyama ilikuwa haipo mahali pengi, na pale ilipokuwapo ilikuwa nyeusi. Na juu ya vidonda, kila mahali, palikuwa na unga mweupe ulioganda. Nilijua ni nini kabla sijaugusa. Magadi.

Alikuwa anajua. Siku ile barazani alikuwa tayari anajua. Aliona nguo zinakatika, akajitazama uani peke yake, akakumbuka mdogo wake akiungua hutia magadi, akafanya hivyo hivyo. Na hakusema, kwa sababu angesema ningekitoa kiti. Ningekitoa siku ile ile. Angerudi kwenye mkokoteni.

"Huyu alikuwa analalia nini?" msaidizi akauliza.

Mwoshaji akamkatiza. "Unaosha au unahoji? Kinachoonekana hapa kinabaki hapa. Lete maji."

Ndivyo ilivyo desturi yetu. Aibu ya maiti haitolewi nje ya chumba. Wale wawili hawakusema mpaka na wao wakafa. Temeke nzima ilisema ni homa ya Burma, na mie nikapokea mikono ya watu, wakiniambia, "Hakuna ndugu aliyemfanyia ndugu yake kama wewe. Ulimpa miguu." Niliitikia. Desturi iliyowekwa kumsitiri yeye ikanisitiri mie.

Yule Mgoa alikuja kuhani siku ya tatu. Alikaa na watu mkekani kwa heshima, akanywa kahawa. Alipotoka alipita ua wa pembeni, kiti kilipokuwa. Nikamwona anainama, anainua mto, anauacha, anaangalia vidole vyake. Akavifuta kwenye suruali. Kisha akainua ubao.

"Trei iko wapi?"

"Niliiyeyusha."

Akaurudisha ubao mahali pake. Hakunitukana, na ningependa angenitukana.

"Zile mbili zimefika," akasema. "Tangu wiki iliyopita. Nilikuwa nangoja upite."

Baada ya arobaini nilikwenda kuzichukua. Sijui kwa nini. Nilinunua karatasi ya risasi, nikakunja trei mpya, kingo zikasimama vidole vinne. Nikaziweka mbili, chanya kwa chanya, nikarudisha kifuniko. Mto wa zamani nikauchoma moto, nikashona mpya. Nikachaji. Asubuhi nikavaa kikoi kipya cheupe, nikakaa kitini mwenyewe.

Watu walinitazama, hakuna aliyecheka. Walidhani ni uchungu. Nikateremka Chang'ombe, nikavuka reli, ikanidunda mpaka meno. Nikafika sokoni pale ilipokuwa meza yake. Palikuwa na mwanamke anauza ndizi. Nikageuza, nikavuka reli tena, nikapanda ule mwinuko. Kiti hakikusita. Nilipofika nyumbani nilipima betri zote mbili. Umeme ulikuwa umebaki, wa kutosha kwenda tena mpaka Keko.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Nilivua kile kikoi nikampa, nikamwambia akifue. Akakifua, akakianika. Kesho yake nikamwambia akifue tena. Akakifua tena. Nilikaa chini ya kamba nikikiangalia kinakauka, nikakitanua juani kwa mikono miwili, nikakipekua kote.

Hakikuwa na tundu hata moja.